Mbwa wa Shamba: Tumchukue Aliyekwisha Fundishwa, au Tulee Mtoto wa Mbwa?

Kila msimu unapokaribia, maswali yanayoletwa kwa katibu huwa ni yale yale: mikeka, magunia, kamba na wachumaji. Lakini kuna swali moja linaloulizwa kwa sauti ya chini, pengine kwa kuona haya, nalo ni swali la mbwa. Mwenye shamba aliyefukuliwa muhogo wake na nguruwe kwa usiku mmoja, au aliyeamka alfajiri akakuta jamvi moja la karafuu limepungua, hutaka kujua jambo moja: Je, nichukue mbwa mkubwa aliyekwisha fundishwa kazi, au nitafute mtoto wa mbwa nimlee na kumfundisha mwenyewe?

Swali hili si dogo. Karafuu inayoanikwa ni jasho la nyumba nzima, na mche wa mkarafuu huchukua miaka kadhaa ya kungojewa kabla ya kuzaa. Mtu akichagua mbwa vibaya, hupoteza fedha, hupoteza msimu, na pengine huleta nyumbani balaa kubwa kuliko nguruwe. Kwa hivyo tumeona yafaa tulieleze jambo hili kwa utaratibu.

KWANZA, SHARIA YASEMAJE?

Wapo wenzetu wanaodhani kwamba kufuga mbwa ni haramu kwa kila hali. Sivyo. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim yatueleza kuwa mwenye kuweka mbwa bila ya haja hupungukiwa na thawabu zake kila siku kwa kiasi cha qirati. Lakini hadithi hizo hizo zimewatoa katika hukumu hiyo mbwa wa kuwinda, mbwa wa kuchunga mifugo na mbwa wa kulinda mazao. Basi mkulima aliye na haja ya kweli ana ruhusa yake. Na katika Sura ya al-Maida, aya ya 4, wametajwa wanyama wa kuwinda waliofundishwa, na neno la Kiarabu lililotumika humo kwa wale wanaowafundisha limetoka katika jina lenyewe la mbwa.

Hata hivyo ruhusa hiyo ina mipaka. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu kisiwani tunayafuata, mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, na moja katika hizo huwa kwa udongo. Kwa hiyo mbwa wa shamba makao yake ni shambani, si ukumbini. Na wenye kuanika karafuu wazingatie hili: afungwe mbali na majamvi, mahali anapoweza kusikia na kunusa, lakini asipoweza kulalia karafuu wala kuziramba, hasa zikiwa bado mbichi au zimeingia umande. Mlinzi anayeitia najisi mali anayoilinda hakutusaidia kitu.

Jambo la pili katika sharia laingia moja kwa moja katika swali letu. Kwa Mashafi mbwa hauzwi, hata akiwa amefundishwa, kwa sababu Mtume (s.a.w.) amekataza thamani ya mbwa. Imam Abu Hanifa ana kauli nyingine, ameruhusu. Lakini wanavyuoni wa Kishafi wametaja njia: yule mwenye mbwa aweza kupokea kitu ili aondoe mkono wake, yaani aiache haki yake ya kuwa na mbwa huyo, bila ya malipo hayo kuwa ni bei ya mbwa mwenyewe. Ndiyo maana katika makala hii tunasema "kumchukua" mbwa, hatusemi "kumnunua". Mwenye kutaka kutoa fedha na amuulize kwanza sheikh wa mtaani kwake namna ya kuweka makubaliano hayo. Ama kulea mtoto wa mbwa kwa nia ya kumfundisha kazi hizi zilizoruhusiwa, kauli yenye nguvu kwa Mashafi ni kwamba yafaa.

UNAMTAKIA KAZI GANI?

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Mbwa mzuri anapatikana wapi?" Ilivyo bora ni kuanza kwa kujiuliza, "Nina kazi gani?" Katika mashamba yetu ya Pemba kazi za mbwa ni tatu, nazo hazifanani.

Kazi ya kwanza ni ulinzi wa usiku: kubweka anapokuja mgeni karibu na majamvi, ghala au kitalu cha miche. Kazi hii haihitaji ufundi mkubwa. Yahitaji mbwa anayejua watu wa nyumba, anayejua mipaka ya shamba, na anayeliona shamba hilo kuwa ni lake. Mbwa halindi mali kwa kuwa ameambiwa ni ya thamani. Hulinda mahali alipopazoea.

Kazi ya pili ni kufukuza: nguruwe wanaokuja usiku kufukua muhogo na viazi chini ya mikarafuu na kung'oa miche michanga, na tumbili wanaokuja mchana kwenye ndizi na mahindi. Hapa yahitajika mbwa mwenye ujasiri, lakini mwenye kusikia akiitwa, asije akamfuata mnyama hadi kwenye konde ya jirani akaharibu zaidi ya alichookoa.

Kazi ya tatu ni kusasa hasa, yaani kwenda msituni na kundi la wasasi kuwatafuta nguruwe walipolala. Hii ni kazi ya ufundi. Nguruwe dume aliyezingirwa ana meno yanayoweza kumpasua mbwa tumbo kwa pigo moja. Mbwa wa kusasa hujifunza kumzuia nguruwe kwa kumzunguka na kumbwekea hata watu wafike, si kumrukia peke yake. Tena hafanyi kazi hiyo pekee. Hufanya pamoja na mbwa wenziwe na watu anaowajua.

Ukishaijua kazi yako, nusu ya swali imekwisha kujibiwa.

MBWA ALIYEKWISHA FUNDISHWA

Faida yake kubwa ni kwamba unachokiona ndicho unachokichukua. Mwili wake umekwisha kukua, tabia yake imekwisha kutulia, na maradhi yanayowaua watoto wa mbwa amekwisha kuyapita. Nguruwe wakiwa wamo shambani sasa hivi, yeye aweza kuwa na manufaa katika msimu huu huu.

Lakini kuna jambo ambalo wenye kuchukua mbwa wakubwa mara nyingi hulisahau. Ufundi wa mbwa haumo katika mbwa peke yake; umo baina yake na bwana wake. Amezoea sauti fulani, mluzi fulani, neno fulani la kumpeleka na neno fulani la kumrudisha. Umchukuapo yeye bila ya kuchukua maneno yake, umechukua kufuli bila ya ufunguo. Kwa hiyo usimchukue mbwa siku ile ile ukaenda naye. Nenda kakae na mwenyewe, tembea nao shambani kwao, sikiliza anavyomwita, na yaandike maneno hayo kwenye karatasi ikiwa huna hakika ya kuyakumbuka.

Ulizia pia sababu ya kutolewa kwake. Wazee wetu wamesema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Zipo sababu za haki: mwenyewe amezeeka, amefariki na warithi wake hawana shamba, au amehamia mjini. Lakini zipo sababu nyingine ambazo hazitajwi: mbwa ameua mbuzi wa jirani, ameuma mtoto, ameumizwa na nguruwe hata akawa mwoga, au hukimbilia kwingine usiku. Usimwulize mwenyewe tu. Waulize majirani zake na wale wasasi waliotoka naye.

Basi atajaribiwaje? Mafakihi wetu, walipozungumzia mnyama wa kuwinda, waliweka alama za mnyama aliyefundishwa, na alama hizo zinatufaa hata sisi ambao nguruwe kwetu si chakula bali ni adui wa mazao. Walisema: akitumwa huenda, akizuiwa husimama, akikamata windo hulishikilia kwa ajili ya bwana wake wala halili. Tena haitoshi kwa Mashafi kuyafanya hayo mara moja. Sharti yakaririke hata wenye ujuzi wakiri kwamba huyu amefundishwa. Mwenye kutaka kumchukua mbwa mkubwa na azitumie alama hizo kama mizani:

1. Atumwe mbele yako, aende bila ya kusukumwa.

2. Aitwe akiwa tayari anakimbia, na asimame. Hili ndilo jaribio kubwa kuliko yote. Mbwa anayekwenda akitumwa ni wengi. Anayerudi akiitwa katikati ya moto wa kufukuza ni wachache.

3. Apewe kitu cha kukamata, kisha aambiwe akiache, akiache.

4. Apitishwe kwa kamba mbele ya mbuzi na kuku. Akiwatazama kisha akaendelea na njia yake, vyema. Akivuta kamba na kutetemeka, mwache.

5. Watu wasiomjua, wakiwamo watoto, wapite kwa mbali huku ameshikwa. Kubweka hakuna ubaya. Lakini anayetaka kurarua bila ya kuchokozwa hafai katika shamba ambalo wachumaji watakuja kwa makumi.

6. Tazama meno, miguu, masikio na ngozi. Meno yaliyochakaa huonyesha umri ambao mdomo wa mwenyewe haukuutaja.

Mwisho, omba usiku kadhaa wa majaribio katika shamba lako kabla ya makubaliano kukamilika, na usiku wa kwanza au wa pili bwana wake awepo. Mwenye mbwa mwema hatakataa. Anayekataa kabisa, ana jambo analolijua. Na kwa wiki za mwanzo mbwa huyo afungwe au ashikwe kwa kamba, umlishe kwa mkono wako mwenyewe, kwani asipofungwa atarudi kwao.

KULEA MTOTO WA MBWA

Hapa watu husema, "Mtoto wa mbwa ni bure." Kweli, vijijini kwetu watoto wa mbwa hutolewa bure, na hilo lapunguza tabu ile ya sharia tuliyoitaja. Lakini bure ni siku ya kumchukua tu. Baada ya hapo ana gharama yake, nayo tutaitia katika hesabu.

Faida ya kulea ni kwamba mbwa hukua na sauti yako, na shamba lako, na watu wako. Samaki mkunje angali mbichi. Mbwa ana muda maalumu wa kuzoea ulimwengu, kuanzia kiasi cha wiki ya 3 hadi wiki ya 12 au ya 14 ya umri wake. Vitu na viumbe anavyokutana navyo kwa wema katika muda huo, havitamtisha wala kumchokoza baadaye. Mtoto wa mbwa aliyekua kati ya mbuzi na kuku, aliyesikia kelele za wachumaji, milio ya madebe na watoto wanaotoka skuli, huwa mbwa aliyetulia. Aliyefungiwa peke yake bandani katika wiki hizo huwa mwoga au mkali, na kumrekebisha baadaye ni kazi ngumu.

Katika kuchagua, mtazame mama kabla ya kumtazama mtoto. Mama mpole kwa watu, mkali kwa nguruwe, mwenye kuitika akiitwa, watoto wake wana asili ya kutumainiwa. Usimchukue mtoto kabla ya wiki 8. Anayeachanishwa mapema mno na mama na nduguze hakosi kasoro, maana kwao ndiko anakojifunza kuwa kuuma sana huumiza.

Mafunzo yenyewe yafuate umri:

Tangu wiki 8 hadi miezi 4, mfundishe jina lake, kuja akiitwa, na kukaa kwenye kamba bila ya kulia. Dakika chache kwa wakati, mara mbili tatu kwa siku. Dagaa mmoja mkononi hufundisha kuliko fimbo kumi. Mpitishe mipakani mwa shamba kila siku, asubuhi na jioni, kwa njia ile ile.

Baina ya miezi 4 na 7 hubadilisha meno, naye hutafuna kila kitu. Huo ndio wakati wa kuweka mbali mikeka, kamba na viatu, na kumpa mfupa au gongo atafune. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa. Huvunjika vipande vyenye ncha vikamdhuru.

Tangu miezi 6 hadi 12, mweke karibu na mbwa mzima mwenye tabia njema. Mbwa hufundishwa na mbwa mwenziwe mambo ambayo mtu hawezi kuyaeleza. Katika muda huu ataanza kubweka usiku kwa maana. Mwendee akibweka, tazama ni nini, kisha mnyamazishe kwa neno moja. Ukimwacha abweke usiku kucha bila ya kumjali, atajifunza kwamba kubweka kwake hakuna maana, nawe utajifunza kutosikia.

Baina ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu ndipo aweza kupelekwa kwenye kazi ya nguruwe, na hapo pia awe nyuma ya wakubwa. Kumtupa mbwa wa miezi 8 mbele ya nguruwe dume ni kumpoteza: ama atauawa, ama atapona awe mwoga maisha yake yote.

Mwenye kumfundisha awe mtu mmoja. Baba akisema "njoo" na mtoto akisema "hapa" na mpagazi akimpiga jiwe, mbwa hatajua bwana wake ni nani. Na adhabu, ikilazimu, iwe ni ukali wa sauti wakati ule ule wa kosa. Kumpiga baadaye ni kumfundisha kukuogopa tu. Dini yetu imetuhadithia mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumpa maji mbwa mwenye kiu. Basi asiwepo kati yetu anayemfunga mbwa juani bila ya maji kwa kisingizio cha kumfanya awe mkali. Mbwa mwenye njaa hawi mlinzi, huwa mwizi.

HESABU YAKE

Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo na tuandike. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila mmoja na aweke za kwake.

Mbwa aliyetunzwa vizuri hufanya kazi kwa nguvu zake kamili tangu kiasi cha mwaka mmoja na nusu mpaka kiasi cha miaka 8. Tuseme umetakiwa kutoa shilingi 100,000 ili mwenye mbwa aondoe mkono wake. Mbwa akiwa na miaka 3, amebakiwa na miaka 5 ya kazi, basi umetoa shilingi 20,000 kwa kila mwaka. Akiwa na miaka 6, amebakiwa na miaka 2, basi umetoa shilingi 50,000 kwa mwaka. Ndiyo maana kujua umri kunazidi kujua sifa.

Sasa mtoto wa mbwa wa bure. Ukimchukua ana miezi 2, utamlisha kiasi cha miezi 16 kabla ya kufanya kazi kamili. Miezi 16 ni kama siku 480. Chakula chake kikiwa ni shilingi 500 kwa siku, umetumia shilingi 240,000, na bado hujatia chanjo na dawa ya minyoo. Kumbe yule wa bure amekula zaidi ya mara mbili ya fedha za yule aliyefundishwa! Kweli, kwa kazi ya kubweka huanza kufaa mapema zaidi, hata kabla ya mwaka kutimia, na mwenye mabaki mengi ya chakula hatatumia kiasi hicho. Lakini asiwepo wa kusema kwamba kulea ni rahisi kwa sababu hakuna aliyedai fedha mlangoni.

Upande wa pili wa daftari ni hasara. Mwenye kulea ataukosa msimu mmoja, pengine na nusu ya wa pili, bila ya mlinzi kamili. Mwenye kuchukua mkubwa akakosea, hupoteza fedha zote kwa siku moja, mbwa akirudi kwao au akiua mbuzi wa watu na ikalazimu kulipa.

HATARI KUBWA KULIKO NGURUWE

Ndugu wanachama, katika yote tuliyoyataja hili ndilo la kushikwa kwa mikono miwili. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao mtu akishaanza kuonyesha dalili zake, ni nadra mno kupona. Na kisiwa chetu kina historia ya kutufunza. Watafiti walioufuatilia ugonjwa huu Pemba tangu 2010 walionyesha kwamba chanjo ya mbwa ya kila mwaka, kisiwa kizima, iliutokomeza ilipofika Mei 2014. Kisha chanjo zikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka nje mara mbili, ukaenea, na ukatokomezwa tena Oktoba 2018 baada ya chanjo kurejeshwa kisiwa kizima.

Funzo lake kwa swali letu liko wazi. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa kijijini kwako, mama yake unamjua. Mbwa mkubwa aliyeletwa kwa chombo kutoka bara, humjui. Aweza kuwa na ugonjwa ndani ya mwili kwa wiki nyingi, hata miezi, huku anakula na kucheza kama mzima. Usiku kumi za majaribio hazitakuonyesha. Kwa hiyo mbwa yeyote kutoka nje ya kisiwa asiletwe kwa mlango wa nyuma. Apitie kwa maofisa wa mifugo, awe na karatasi ya chanjo iliyofanywa mapema, kwani kinga hailetwi na sindano siku ile ile. Yahitaji wiki kadhaa.

Mbwa wa kulea achanjwe anapofika miezi 3, kisha kila mwaka kama wataalamu wa mifugo watakavyoelekeza. Shirika la Afya Duniani hushauri wachanjwe angalau asilimia 70 ya mbwa wa mahali ili ugonjwa usienee. Maana yake ni kwamba chanjo ya mbwa wako si jambo lako peke yako. Na mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata aliyemjua, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayopita kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kupata sindano. Asingoje kuona kama mbwa ataugua.

BASI TUFANYEJE?

Baada ya kupima pande zote, ushauri wetu ni huu.

Kwa ulinzi wa karafuu na nyumba, lea mtoto wa mbwa. Unachokihitaji hapo ni mapenzi ya mbwa kwa mahali, na hayo hayachukuliwi kwa fedha. Lakini mlee kwa kuanza mapema. Mtoto wa mbwa anayechukuliwa mwezi mmoja kabla ya uchumaji hatakulindia msimu huu. Atakuwa ni mgeni mwingine wa kulishwa. Msimu huu tumia watu na taa, naye awe mwanafunzi.

Kwa kufukuza nguruwe wanaokula mazao hivi sasa, chukua mbwa mkubwa, wa miaka 2 hadi 4, kutoka kisiwani, aliyechanjwa, mwenye kusimama akiitwa, na uliyemwona kwa macho yako akifanya kazi. Usimchukue kwa sifa za midomo. Mbwa wa gunia ni sawa na mbuzi wa gunia.

Kwa kusasa msituni, usichukue wala usilee peke yako. Jiunge na wasasi wa shehia yako. Mbwa mmoja hodari bila ya kundi ni majeruhi wa kesho. Na mbwa wako mchanga, akishatimia umri, atafundishwa na kundi hilo bora kuliko atakavyofundishwa nyuma ya nyumba.

Na ikiwa jirani wawili watatu wanapatana, njia iliyo bora kuliko zote ni kuziunganisha mbili hizi. Wamchukue kwa pamoja mbwa mmoja mzima mwenye adabu, akae katika shamba lililo katikati, na gharama zake ziandikwe na kugawanywa. Kisha kila mmoja alee mtoto wake wa mbwa, amkuze chini ya macho ya yule mkubwa. Mkubwa atalinda msimu huu, na kwa kazi yake atawafundisha watakaolinda misimu ijayo. Siku atakapozeeka, hakuna atakayeanza upya.

Lakini kabla ya yote haya, kila mmoja ajiulize kama ana haja ya kweli. Shamba lisilo na nguruwe wala wizi halina haja ya mbwa, na ruhusa ya sharia imefungamana na haja. Mbwa aliyechukuliwa kwa kuigana, kisha akachokwa na kuachwa, huwa mbwa koko wa mtaa mzima: hula kuku wa watu, hana chanjo, na hana wa kumwita akaitika. Aliyemleta ndiye mwenye dhima.

Wabillahi tawfiki.

Katibu